Kukomaa, Kukakamaa na Kutunga: Uhakiki wa Istilahi ya Gegedu Kuwa Mfupa katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyoitaja dhana ya kitabibu ya tishu laini kuwa mfupa. Lugha za Ulaya huitaja dhana hiyo kwa neno moja lenye asili ya Kilatini, na neno hilo hilo hutumika kisitiari kuelezea fikra, sheria au taasisi zilizokataa kubadilika. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayogombea nafasi hiyo, na kila moja hubeba picha yake. Makala yanaonesha kwamba unyambulishaji wa moja kwa moja kutoka katika nomino “mfupa” umezibwa na kivumishi “-fupi”. Kwamba vitenzi “komaa” na “kakamaa” hutaja matokeo ya mchakato bila kuutaja mchakato wenyewe. Na kwamba kitenzi “tunga”, ambacho tayari kinatumika katika “kutunga usaha” na “kutunga mimba”, kinaweza kuubeba mchakato huo kwa uangavu. Aidha, inajengwa hoja kwamba maana ya kisitiari haina haja ya mfupa hata kidogo, kwa kuwa Kiswahili kina sitiari zake zilizo sahihi zaidi.

1. Utangulizi

Mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umekuwa ukirudia swali moja tangu taasisi za ukuzaji wa lugha zilipoanza kazi: je, istilahi mpya itoholewe kutoka lugha ya kigeni au iundwe kwa mali iliyomo ndani ya lugha? Swali hilo limezaa kazi kubwa, ikiwemo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Hata hivyo, swali lenyewe lina kasoro. Huichukulia istilahi kama chombo cha mtaalamu peke yake, ilhali istilahi ya mwili wa binadamu haikai kwa mtaalamu. Hutoka katika chumba cha mihadhara, hufika kliniki ya mama na mtoto, kisha huingia katika makala ya gazeti ikiwa imevaa maana nyingine.

Dhana ya tishu laini kuwa mfupa ni mfano mzuri wa safari hiyo. Inawahusu watu wa aina tatu. Wa kwanza ni mwanafunzi wa baiolojia anayejifunza namna mifupa ya kiinitete inavyotokea. Wa pili ni mzazi anayeambiwa na muuguzi kwamba utosi wa mwanawe bado haujaziba, au kwamba miguu ya mtoto ina matege kwa sababu mifupa yake haikupata madini ya kutosha. Wa tatu ni msomaji wa uhakiki wa kisiasa au wa kifasihi anayekutana na madai kwamba mawazo fulani “yamegeuka mfupa”. Istilahi inayomfaa mmoja na kumpotosha mwingine haijakamilisha kazi yake.

Suala hili lina uzito zaidi katika ukanda huu kuliko ndani ya nchi moja. Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Katika jumuiya hiyo wamo madaktari waliosomea Kiingereza na madaktari waliosomea Kifaransa. Wanapokutana katika Kiswahili, kila mmoja huja na utohozi wake. Kwa hiyo uamuzi kuhusu istilahi moja ya mifupa ni uamuzi kuhusu nani ataelewana na nani.

2. Asili ya neno na mgawanyiko wa maana zake

Neno la Ulaya, ambalo likitoholewa kutoka Kiingereza huwa “osifikesheni”, limeundwa kwa sehemu mbili za Kilatini: os, ambalo likinyambuliwa huwa ossis, lenye maana ya mfupa, na facere, yaani kufanya. Maana yake ya kiumbo ni “kufanya mfupa”. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba ndani ya umbo hilo hamna neno lolote la ugumu. Ugumu uliingia katika fasili, kwa kuwa mfupa ni mgumu na kilichokuwapo kabla yake ni laini. Kamusi nyingi zinapoieleza dhana hii kuwa ni “kukakamaa kwa tishu” zinafasili matokeo na kuacha tendo.

Kibaiolojia tendo hilo lina njia mbili. Njia ya kwanza ni ya utando: seli zilizo ndani ya utando laini huanza kujenga mfupa papo hapo, bila kupitia hatua ya gegedu. Ndivyo inavyotokea mifupa bapa ya fuvu na sehemu kubwa ya mtulinga. Njia ya pili ni ya gegedu: kwanza hutokea kielelezo cha mfupa kilichofanywa kwa gegedu, kisha gegedu huvunjwa hatua kwa hatua na nafasi yake huchukuliwa na mfupa. Ndivyo inavyotokea mifupa mirefu kama fupa la paja. Mtulinga huanza mapema mno, yapata wiki ya 6 ya ujauzito, na bado ni miongoni mwa mifupa inayochelewa kumaliza, kwani ncha yake ya upande wa kifua hukamilika mtu akiwa katika miaka ya ishirini. Mtoto mchanga huzaliwa na vipande vya mifupa vipatavyo 270 au zaidi. Mtu mzima hubaki na mifupa 206, kwa kuwa vingi vimeungana.

Maelezo haya yana matokeo ya moja kwa moja kwa istilahi. Katika njia ya pili, gegedu halikakamai likawa mfupa. Gegedu huondoka, na mfupa hujengwa mahali pake. Msemo “gegedu kugeuka mfupa”, ingawa ni wepesi wa kukumbukwa, unamfundisha mwanafunzi jambo lisilo sahihi. Vilevile kuna tofauti baina ya kujengwa kwa mfupa na kuganda kwa kalsiamu katika tishu. Kalsiamu huweza kuganda katika kuta za mishipa ya damu na kuifanya migumu bila mishipa hiyo kuwa mfupa. Ikiwa istilahi itasimama juu ya wazo la ugumu, mambo haya mawili yatachanganyika.

Maana ya kisitiari ilizuka baadaye katika lugha za Ulaya. Mtu, chama au mapokeo yaliyopoteza unyumbufu husemwa kuwa yamekuwa mfupa. Sitiari hiyo ilichagua sifa moja tu ya mfupa, yaani ugumu, na kuziacha nyingine. Mfupa ulio hai una damu, una neva, hujivunja na kujijenga upya maisha yote ya mtu, na ukivunjika huunga. Kwa mujibu wa elimu ya mwili, kitu kilichokuwa mfupa kimepata uhai wa aina nyingine, wala hakijafa. Sitiari ya Ulaya ilitokana na kutazama mfupa mkavu wa kaburini, hali tendo linalotajwa na neno lenyewe ni la kiinitete na la mtoto.

Ulinganisho na Kiarabu unaonesha kwamba njia hiyo ya Ulaya haikuwa ya lazima. Katika Kiarabu mfupa ni adhm, na mzizi huo huo ndio unaozaa maana ya ukubwa na utukufu. Neno linalotumika kwa tishu kuwa mfupa, taadhum, ni pia neno la mtu kujitukuza. Kiswahili kiliazima tawi moja la mzizi huo na kuliacha jingine: kimepokea “adhimu”, “adhama” na “kuadhimisha”, lakini mfupa wake kimebaki nao wenyewe. Hivyo mfupa mmoja umezaa ukaidi katika lugha za Ulaya na utukufu katika Kiarabu. Hakuna sababu ya kimaumbile inayoilazimisha lugha ya tatu kufuata mojawapo.

3. “Mfupa” na mtego wa kimofolojia

Hatua ya kwanza ambayo mwanaistilahi angeitarajia ni kunyambua kitenzi kutoka katika nomino yenyewe. Kiswahili huweza kufanya hivyo: kutoka “taifa” kimepata “taifisha”, na kutoka “tohara” kimepata “tahiri” kwa njia ya mkopo wa pamoja. Je, kwa nini “mfupa” usizae “fupika” na “ufupikaji”?

Jibu linaonekana mara maneno hayo yanapotamkwa. “Fupika” tayari ni kuwa fupi. “Fupisha” ni kupunguza urefu. “Ufupisho” ni muhtasari. Sentensi “gegedu la paja limefupika” haiwezi kusomwa na Mswahili yeyote kwa maana ya kuwa mfupa. Itasomwa kuwa paja limepungua urefu, na kwa kuwa maradhi ya mifupa ya watoto huweza kweli kuathiri urefu wa miguu, kosa hilo lingekuwa la hatari na wala lisingegundulika kwa urahisi.

Mgongano huu haukuanzia Kiswahili. Kirundi husema “igufa” kwa mfupa na “-gufi” kwa kitu kifupi. Kinyarwanda nacho hutumia umbo hilo au “igufwa”, pamoja na “-gufi” hiyo hiyo. Kichewa kina “fupa” na “-fupi”. Lugha hizi ndugu zimerithi mizizi miwili iliyokaribiana mno kwa sauti na zimeishi nayo kwa kuitenganisha kisarufi: mmoja umebaki nomino, mwingine umebaki kivumishi chenye uwezo wa kuzaa vitenzi. Mwanaistilahi anayetaka kuuvunja mpaka huo anapambana na mpangilio wa zamani kuliko kamusi zote. Funzo hapa ni la jumla: uzalishi wa neno haupimwi kwa kanuni za unyambulishaji peke yake, bali pia kwa nafasi zilizokwisha kukaliwa na maneno mengine.

4. Vitenzi vya hali: “kakamaa”, “komaa” na majirani zao

Kiswahili kina kundi la vitenzi vinavyoishia na -aa ambavyo hutaja kitu kuingia katika hali na kubaki humo: kakamaa, komaa, shupaa, chakaa, zagaa. Baadhi yao huzaa vivumishi na nomino kwa kiambishi -vu: kakamavu, komavu, shupavu. Ni kundi linalovutia kwa istilahi ya mifupa kwa kuwa linahusu mabadiliko yanayodumu. Hata hivyo, wanachama wake hawana maana moja.

“Kakamaa” ni kuwa kavu na gumu kiasi cha kutopindika. Maiti hukakamaa, misuli hukakamaa, mkono uliokaa ndani ya plasta muda mrefu hutoka umekakamaa. Mzee anayesema mifupa yake imekakamaa analalamikia viungo, yaani magoti na kiuno, wala hasemi kwamba tishu fulani imekuwa mfupa. Wakati huo huo “ukakamavu” ni sifa njema: askari na skauti hufunzwa ukakamavu, na kijana mkakamavu ni kijana hodari asiyetetereka. Neno moja linabeba maiti na shujaa. Utajiri huo ni mali ya fasihi, lakini ni mzigo kwa istilahi ya kitabibu.

“Komaa” ina tabia tofauti. Hufikia ukomo wa kukua. Msemaji wa leo huisikia karibu na “koma” na “kikomo”. Mahindi hukomaa, nazi hukomaa, akili hukomaa. Picha yake ni ya wakati: kitu kilikuwa kichanga na sasa kimetimia. Hapa Kiswahili cha pwani kina hazina ambayo haijatumiwa vya kutosha. Tunda la mnazi halitajwi kwa jina moja. Huanza kidaka, huwa kitale, kisha dafu, kisha koroma, ndipo likawa nazi. Katika safari hiyo maji hupungua, nyama hujijenga na kunenepa, na kifuu huwa kigumu. Lugha imezipa hatua hizo majina kwa sababu watu walihitaji kujua lini pa kunywa na lini pa kukuna. Haikuhitaji kitenzi kimoja cha kuzijumlisha.

Mwili wa mtoto umetajwa kwa namna hiyo hiyo. Mtu asiyewahi kusikia neno gegedu anajua utosi. Anajua kwamba mahali pale panapiga, kwamba hapashikwi ovyo, na kwamba siku moja pataziba. Kwa kawaida utosi wa mbele huziba katika mwaka wa pili wa maisha, kwa watoto wengine mapema zaidi. Wauguzi huwaambia wazazi kwamba utosi uliobonyea huweza kuwa dalili ya upungufu wa maji mwilini. Vitenzi vinavyotumika hapo ni “kuziba” na “kufunga”, navyo vinatoa maelezo sahihi ya kile anachokiona mzazi. Elimu ya kisayansi kuhusu kujengwa kwa mfupa ilishaingia katika Kiswahili kupitia utosi kabla ya istilahi yoyote kuundwa. Istilahi mpya inapaswa kuungana na ujuzi huo, isiufute.

5. Maana ya kisitiari: je, mfupa unahitajika?

Tafsiri na uhakiki wa leo mara nyingine hutumia msemo kwamba fikra “zimegeuka mfupa”. Msemo huo ni tafsiri mkopo, na udhaifu wake si wa ugeni tu. Udhaifu mkubwa ni kwamba mfupa katika Kiswahili tayari una kazi nyingine ya kisitiari. Mfupa ni kile kilichobaki baada ya nyama kuisha, kama inavyosemwa juu ya mtu aliyekonda. Mfupa pia ni kipimo cha ugumu wa kazi: mfupa uliomshinda fisi haumtishi fisi kwa ukaidi wa mawazo, humtishia meno. Msomaji anayesikia kwamba sheria imegeuka mfupa anaweza kuelewa kwamba imebaki bila nyama, au kwamba ni ngumu kutekelezwa. Maana iliyokusudiwa, yaani kwamba haibadiliki, ndiyo ya mwisho kumjia.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina angalau sitiari tatu zilizokwisha kuzoeleka kwa kazi hiyo, na kila moja ina nadharia yake kuhusu chanzo cha ugumu.

Ya kwanza ni ya mgando. “Fikra mgando” ni msemo wa kawaida katika mijadala ya kisiasa na kielimu. Chanzo chake ni umajimaji uliopoa, kama mafuta. Kilichoganda kwa baridi huweza kuyeyushwa kwa joto. Anayezungumzia fikra mgando anadokeza kwamba bado kuna tumaini, ikiwa patatokea moto wa kutosha.

Ya pili ni ya sugu. “Tatizo sugu”, “ugonjwa sugu” na “usugu wa vimelea dhidi ya dawa” vimejengwa juu ya ngozi iliyosuguliwa mara nyingi mpaka ikaota unene na kupoteza hisia. Chanzo cha ugumu hapa ni marudio. Ndiyo maana neno hili linafaa kwa vimelea vilivyozoeshwa dawa kwa matumizi yasiyo kamili, na kwa maovu ya kijamii yaliyokemewa mara nyingi pasipo hatua.

Ya tatu ni ya kupoteza unyevu, iliyohifadhiwa katika methali. Samaki hukunjwa angali mbichi. Udongo hufinyangwa ungali maji. Anayechelewa atamkuta samaki amekauka, naye akimkunja atamvunja. Sitiari hii inaeleza ugumu usiorudi nyuma na inamlaumu mlezi aliyechelewa.

Mhakiki anayetafsiri maandishi ya kigeni kuhusu mapokeo yaliyokufa ganzi anapaswa kwanza kuuliza: mapokeo haya yalipoa, yalisuguliwa, au yalikauka? Swali hilo halimo katika neno la Ulaya, ambalo hutaja hali na kunyamaza kuhusu sababu. Kiswahili humlazimisha mwandishi achague, na kwa kuchagua anakuwa amefanya uchambuzi. Kutumia “kugeuka mfupa” ni kuukwepa uchambuzi huo.

6. Istilahi zinazoshindana

Eugen Wüster (1898–1977), mwasisi wa nadharia ya jumla ya istilahi, alisisitiza kwamba dhana hutangulia jina, na kwamba dhana moja inastahili jina moja. Wanaistilahi wa Afrika Mashariki wameongeza vipimo vya kivitendo, hasa kupitia vigezo vya PEGITOSCA vya Kiingi, ambavyo miongoni mwake ni usahihi, uwekevu, uzalishi, umataifa, uangavu na ukubalifu. Istilahi nne zinazowezekana zinaweza kupimwa kwa mizani hiyo.

“Osifikesheni” ina alama kubwa katika umataifa na uwekevu. Lakini umataifa wake ni wa nusu. Daktari wa Bujumbura au Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa atatohoa umbo linaloishia kwa sauti nyingine, karibu na “osifikasyoni”. Kitu kilichoazimwa kwa ajili ya kuunganisha kitaleta maumbo mawili ndani ya jumuiya moja. Uangavu wake kwa mzazi ni sufuri.

“Kukakamaa kwa mfupa” ina kosa la kimantiki: kama ni mfupa tayari, umeshakuwa. Pia inamwelekeza mgonjwa kwenye viungo. Zaidi ya hayo, inalinganisha ugumu na uimara, mambo ambayo tiba huyatenganisha. Upo ugonjwa wa kurithi ambao mifupa huwa mizito na migumu kupita kiasi, nayo huvunjika kwa urahisi. Mgonjwa aliyezoeshwa kufikiri kwamba mfupa mgumu ndio mfupa mzima hataelewa maradhi yake.

“Ukomaaji wa mfupa” ni istilahi nzuri kwa hatua ya mwisho, pale bamba la ukuaji la kijana linapofunga na mfupa kuacha kurefuka. Haifai kwa mwanzo, kwa kuwa katika wiki ya 6 hakuna mfupa wa kukomaa. Haifai pia kwa maradhi ambayo mfupa hujengwa ndani ya misuli, mahali ambapo haukutakiwa. Kusema misuli hiyo “imekomaa” ni kuyaita maradhi ustawi.

“Kugeuka mfupa” inaweza kutaja maradhi hayo, lakini, kama ilivyooneshwa, inatoa picha ya uongo kuhusu gegedu. Vilevile haina nomino nyepesi: “ugeukaji mfupa” ni nzito, na haielekei kuzaa majina ya seli na dawa zinazohusika.

7. “Kutunga mfupa”: nguvu na mipaka ya pendekezo

Kiswahili kina kitenzi ambacho kwa muda mrefu kimekuwa kikitaja mwili kuzalisha kitu kipya ndani yake. Jipu hutunga usaha. Mimba hutunga, na ikikaa pasipo mahali pake husemwa kuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Hakuna aliyefundishwa misemo hii darasani. Inaeleweka Kigoma, Mombasa na Unguja, na inatumiwa na waganga, wauguzi na wagonjwa bila mfasiri.

Kwa mfano huo inawezekana kusema kwamba gegedu hutunga mfupa, kwamba utando wa fuvu hutunga mfupa, na kwamba mfupa umetunga ndani ya msuli. Kitenzi kimoja kinahudumia njia zote mbili za kawaida pamoja na maradhi, na kinafanya hivyo bila kudai kwamba kilichokuwapo kimebadilika kuwa kingine. Kinakaribiana pia na maana ya kiumbo ya Kilatini, yaani “kufanya mfupa”, kwa njia ambayo “kakamaa” haikuwahi kukaribia.

Uzalishi wake ni wa kuridhisha. Seli inayojenga mfupa inaweza kuitwa kitungamfupa, kwa muundo wa “kipimajoto”. Ile inayouvunja ikaitwa kivunjamfupa, kwa muundo ambao Kiswahili kinaujua tangu kilipompa jina kivunjajungu. Kichocheo au dawa inayousukuma mchakato itasemwa kuwa inatungisha mfupa. Kuganda kwa kalsiamu kutabaki na kitenzi chake, “ganda”, na kwa hiyo mishipa ya damu haitachanganywa na mifupa. Kuunga kutabaki kwa mfupa uliovunjika, na kukomaa kwa mfupa uliofikia ukomo wa kurefuka. Mfumo unaotokea una vitenzi vinne vyenye mipaka: kutunga, kukomaa, kuunga, kuganda.

Zipo pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba “tunga” ina maana nyingi: mshairi hutunga, mwalimu hutunga mtihani, na mwenye shanga huzitunga uzini. Jibu ni kwamba maana hizo hazigongani na mfupa kama “fupika” inavyogongana, kwa kuwa yambwa huzitenganisha papo hapo. Hakuna atakayedhani kwamba gegedu linaandika shairi. Isitoshe, kutunga shanga kuna msaada wa kufundishia. Mfupa hujengwa kwa nyuzi za protini ambazo juu yake hupangwa chembe za madini ya kalsiamu na fosfati; nyuzi hutoa unyumbufu, madini hutoa ugumu. Mwalimu aliye na uzi na shanga anaweza kuieleza siri ya mfupa, na kuonesha kwa nini mtoto aliyekosa madini hupata matege: uzi upo, shanga ni chache. Ni mfano wa kufundishia tu, wala hautoi ushahidi wa asili ya neno.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Nomino “utungaji” imekaliwa na somo la insha na ushairi, na kichwa kama “Utungaji wa Mfupa” kinaweza kuchekesha kabla ya kufundisha. Kwa sababu hiyo inafaa kuhifadhi kitenzi-jina, “kutunga kwa mfupa”, na kuepuka nomino ya u-. Hapa pendekezo linapoteza kiasi cha uwekevu. Katika maandishi ya kitaalamu ya ngazi ya juu, utohozi unaweza kutajwa mara moja pamoja nalo ili kumwezesha msomaji kufuata maandishi ya kimataifa. Maria Teresa Cabré, katika kuihakiki nadharia ya Wüster, alionesha kwamba istilahi huishi ndani ya mawasiliano halisi na kwamba hadhira tofauti huweza kuhitaji majina tofauti ya dhana ile ile. Kinachotakiwa ni kwamba jina la mtaalamu na jina la mzazi yasipingane.

8. Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba tatizo la istilahi ya gegedu kuwa mfupa halitokani na umaskini wa Kiswahili. Linatokana na kuanza na fasili ya kamusi za Ulaya, ambayo inataja ugumu, badala ya kuanza na tendo lenyewe, ambalo ni kujengwa kwa kitu kipya. Fasili hiyo ikifuatwa, mwanaistilahi hukimbilia “kakamaa” na kumpa mgonjwa picha ya viungo vilivyokauka. Mfasiri wa fasihi naye huandika kwamba fikra zimegeuka mfupa na kuziacha mgando, sugu na samaki mkavu, ambazo zingemlazimisha kueleza sababu.

Tendo likitangulizwa, kazi hugawanyika vizuri. Mfupa hutunga, hukomaa, na ukivunjika huunga. Kalsiamu huganda. Fikra nazo huganda, lakini kwa maana nyingine, na maovu huwa sugu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama yana nafasi ya kuipima misemo hii kliniki na madarasani, kwa kuwauliza wauguzi na walimu wa Kirundi, Kinyarwanda, Kiganda na Kiswahili cha Kongo wanaelewa nini wanapoisikia, kabla ya kuiingiza katika kamusi yoyote. Kipimo cha mwisho cha istilahi hii ni mzazi aliyeshika kadi ya kliniki: anapoambiwa kwamba mifupa ya mwanawe inatunga polepole kwa kukosa madini, aweze kurudi nyumbani akijua amlishe nini, na lini amrudishe.